Mti wa mnada si mti wa sebuleni

Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, kuna swali ambalo watu huulizana kuanzia Oktoba: mwaka huu mnapamba? Hawazungumzii mti wa nyumbani. Wanazungumzia Festival of Trees, sherehe ya miti ya Krismasi ambayo imekuwa ikiendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1971. Miti mamia kwa mamia, kila mmoja umepambwa na familia, kikundi au kampuni, hupangwa ukumbini Sandy, kusini kidogo mwa jiji, siku chache baada ya sikukuu ya Thanksgiving. Hupigwa mnada, na mapato huenda kusaidia wagonjwa wa Primary Children's, hospitali ya watoto ya Utah.

Wasemaji wa Kiswahili si haba mjini humo, hasa ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi. Maelekezo haya ni kwa ajili ya kikundi cha kanisa, cha akina mama, au familia inayotaka kupeleka mti wake wa kwanza. Wenye sherehe za namna hiyo miji mingine watayafaidi pia, maana waya ni waya.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu inaeleza kwa nini watu wa pale hawaoni haya kuchangia senti. Hospitali ilifunguliwa 1922 na Primary, jumuiya ya watoto ya kanisa la Wamormoni, na kwa miaka mingi iliendeshwa kwa sarafu: mtoto akifikisha miaka saba, analeta senti saba siku ya kuzaliwa. Baadaye wakubwa nao wakaombwa senti moja kwa kila inchi ya urefu wao. Mwaka 1975 kanisa likazitoa hospitali zake zote kwa shirika lisilo la faida, na tawi la pili la hospitali ya watoto likafunguliwa Lehi mwaka 2024. Aliyekulia kwenye harambee hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa mti. Anayeanza hukosea mahali pamoja: hupamba kana kwamba mti utakaa pale pale hadi Januari. Mti wa mnada husafiri. Hutoka gereji kwako kwenda ukumbini, husukumwa, huguswa na maelfu ya watoto wenye vidole vya sukari, kisha hufungwa plastiki na kupelekwa kwa mnunuzi ukiwa umepambwa vile vile. Kila pambo, kabla halijapanda, liulizwe kama litafika.

Mti uwe wa bandia, wenye lebo ya kiwandani inayosema umewekewa kinga ya moto. Usiikate lebo hiyo hata kama inaharibu sura; ifiche nyuma ya shina, ila ionekane anapokuja mkaguzi wa zimamoto. Mti wa asili hukauka haraka kwenye ukumbi wenye joto, na mti mkavu ukishika moto hausubiri ndoo.

Urefu unaofaa ni futi 7 na nusu, yaani sentimita 229 hivi. Mfupi zaidi hupotea katikati ya mingine. Mrefu zaidi huleta matatizo ya milango. Mlango wa kawaida wa nyumba ya Marekani ni sentimita 203 tu, kwa hiyo hata mti wa futi 7 haupiti umesimama. Utaulaza, na mti ukilazwa ndipo mapambo yaliyofungwa ovyo hujitambulisha. Mti wa futi 9 hausimami hata ndani ya lori nyingi za kukodi. Pambia gereji, penye mlango mpana. Ukipambia sebuleni utakuja kuutoa vipande vipande.

Kinachofuata hakionekani kwenye picha, na ndicho kinachookoa mti: sakafu yake. Miguu ya miti ya bandia ni myembamba, na ukiburuta hata kidogo shina linainama. Kata plaiwudi ya milimita 19, mraba wa sentimita 75. Simamisha mti katikati, kisha bana kila mguu kwa kibano cha bomba cha chuma na skrubu mbili za milimita 16. Ukichukua skrubu ndefu kuliko hizo, ncha itatokeza chini na kuchora sakafu ya mtu. Bandika vipande vya zulia kuukuu kwenye pembe nne chini ya ubao. Matawi ya chini hutanuka zaidi ya mita moja, kwa hiyo ubao wote utajificha chini ya kitambaa.

Shina lenyewe huja vipande vitatu vinavyoingiliana, na safarini vipande hivyo huzunguka: kilichokuwa mbele kinageukia ukutani. Kwenye kila kiungo toboa tundu la milimita 3 na upige skrubu fupi ya bati. Hii ni kwa mti usio na taa zake. Mti uliotoka kiwandani na taa mara nyingi una nyaya zinazopita ndani ya shina, na ukitoboa unaua nusu ya taa. Huo uzungushie tepu imara mara sita au saba kwenye kiungo, na uweke alama ya kalamu juu na chini ya kiungo ili ujue kama kimezunguka.

Halafu fungua matawi. Kazi hii wengi huifanya kwa dakika 15, na inahitaji saa moja na nusu. Anza ndani karibu na shina, chini kwenda juu; kijiti kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja juu. Vaa glavu. Mti uliofunguliwa vibaya huonyesha nguzo ya chuma katikati, na hakuna idadi ya mapambo itakayoificha.

Kwenye taa kuna kanuni ya zamani: balbu 100 kwa kila futi, yaani kama 750 kwa mti wetu. Tumia LED. Mkanda wa balbu 100 za zamani hula karibu wati 40, wa LED hula wati chache tu, na pia haupashi moto kitambaa. Taa za zamani haziungwi zaidi ya mikanda mitatu mfululizo, kwa sababu ndani ya plagi kuna fyuzi ndogo ambayo hukatika ukizidisha. LED zinaruhusu mingi zaidi, idadi imeandikwa kwenye boksi. Zungusha mkanda kutoka shinani kwenda nje na kurudi, tawi kwa tawi, si kuuviringisha nje kama bendeji. Mwisho wote ufikie plagi moja tu, nyuma, chini, kwenye ekstensheni moja, kwani ukumbini kuna miti mingi na soketi zinagawanywa. Kabla ya kuweka pambo lolote, washa taa zote zikae usiku mzima zikiwaka huku mtu yupo nyumbani. Mkanda mbovu mara nyingi hufa saa za mwanzo, na kuutoa chini ya mapambo 150 ni adhabu.

Taa zikishakubali, piga picha ya mti kwa simu, gizani. Jicho husamehe, picha haisamehe. Penye shimo jeusi rudi na balbu.

Tukifika kwenye mapambo yenyewe, ile ndoano ndogo ya waya iliyokuja na tufe itupe. Kwa kila pambo kata waya wa maua, ule wa kijani wa kufungia maua, unene wa geji 22, urefu sentimita 20. Pitisha kwenye kitanzi cha pambo, sokota mara mbili, kisha zungushia tawi mara tatu na ufiche ncha ndani. Usiishie hapo: tufe nyingi zina kofia ya chuma iliyobanwa kwa chemchemi tu, na mti ukitikisika kofia hubaki tawini na tufe huanguka. Toa kofia, tia tone la gundi kali pembeni, irudishe, iache ikauke. Ni sekunde 20 kwa tufe, na ni ya kuchosha, na ndiyo tofauti kati ya mti uliofika na sakafu iliyojaa vioo. Kwa kweli vioo viache kabisa. Plastiki ya kisasa inang'aa vile vile.

Bunduki ya gundi moto isikudanganye. Gundi ile hushika vizuri ndani ya nyumba, lakini Desemba ya Salt Lake ni baridi ya kuganda, na gundi ikilala ndani ya lori usiku mmoja hukakamaa na kubanduka kwenye plastiki laini kama gamba. Itumie kusaidia waya. Isifanye kazi ya waya.

Mpango wa kupandisha: utepe kwanza, mapambo makubwa ndani karibu na shina, ya kati, halafu madogo kwenye ncha. Hesabu 20 kwa futi, yaani 150 hivi. Pambo la kileleni, nyota au chochote, halining'inizwi kwenye kijiti cha juu. Kata fito ya mbao ya sentimita 60, ifunge kwenye shina kwa vile vibano vya plastiki vya kufungia nyaya, vinne, nusu ya fito ikiwa chini ya kilele, kisha nyota ishikiliwe na fito. Miti mingi hufika ukumbini ikiwa na nyota inayotazama chini kama imepata habari mbaya, na sababu ni hii.

Wenzetu wengi watapenda kutumia kitenge, na ni wazo zuri: katikati ya nyekundu na dhahabu mia mbili, kitenge huvuta macho kutoka mbali. Ila kitenge ni pamba na pamba inawaka, kwa hiyo ama ununue kitambaa chenye cheti cha kinga ya moto, ama ukipulizie dawa inayouzwa kwa kazi hiyo na utunze chupa na risiti vionekane. Fua kitenge kwanza kutoa wanga wa dukani, maana dawa haizami kwenye wanga. Kikauke. Pulizia pande zote mbili hadi kilowe sawasawa, kianikwe kimelala bapa, si kwenye kamba. Ukianika kwenye kamba, dawa yote hushuka kwenye pindo. Kwenye rangi iliyokoza, dawa nyingi huacha madoa meupe kama chumvi, hivyo jaribu kwanza kipande cha kiganja. Kisha kijaribu moto: nje ya nyumba, ndoo ya maji pembeni, shika kipande kwa koleo, weka mwali wa kibiriti chini yake kwa sekunde 12, uondoe. Kizimike chenyewe ndani ya sekunde 2. Kikiendelea kuwaka, rudia kupulizia au uache.

Kata vipande vya upana wa sentimita 10, pinda kingo mbili, na ndani ya kila pindo pitisha waya ule ule wa maua. Bila waya kitenge hulegea na kuning'inia kama nguo ya kufuliwa. Kikiwa na waya kinashika mkunjo ulioutaka. Mti wa futi 7 na nusu hula yadi 5 hadi 6. Pamba nyeupe ya kuiga theluji, majani makavu ya hori na mishumaa ya kweli, vyote viache nyumbani.

Miti mingi pale huwekwa kwa kumbukumbu ya mtoto aliyefariki, au kwa heshima ya anayetibiwa, na familia ndiyo inayopamba. Kwa mti kama huo kuna jambo moja la kusema mapema na kwa upole: kila kilicho juu ya mti kitauzwa pamoja na mti. Kiatu halisi cha mtoto kisipande. Picha ipandishwe nakala, na jina liwe kwenye kadi ya maelezo. Watu wakiwa katika huzuni husahau kuwa mnunuzi ataondoka na kila kitu, na siku ya kukumbuka ni ile lori limeshaondoka.

Vitu vya chini ya mti (mwanasesere, gari la kuchezea, blanketi la kushona kwa mkono) huongeza bei, lakini vifungwe kwenye ubao kwa waya. Visipofungwa hutembea. Si wizi siku zote. Mtoto wa miaka mitatu hajui mnada ni nini. Andika orodha ya kila kitu, nakala mbili, moja kwa waandaaji.

Bajeti ndipo vikundi vingi hukosea kwa moyo mzuri. Mti mtupu wa wastani ni dola 150 hadi 300, na mapambo yakinunuliwa Novemba kwa bei kamili yanaweza kuuzidi mti wenyewe. Mkitumia dola 900 na mti ukaenda kwa 700, mmeichukua dola 200 ya hospitali mkainunulia utepe. Kwa hiyo nunueni Januari, siku zile maduka yanapotupa vitu vya Krismasi kwa nusu bei au chini ya hapo, mviweke. Ombeni vitu kwa wenye maduka. Na mtafute mnunuzi kabla ya mnada. Hili halisemwi vya kutosha: wanunuzi wengi wa maana ni makampuni, kliniki za meno, wauza magari, watu wanaotaka mti uliokwisha pambwa kwa ajili ya mapokezi. Kumi wakiwa wamepigiwa simu, wawili wakaja, tayari kuna ushindani, na bei hupanda kwa wawili wanaotaka kitu kimoja. Kwenye harambee zetu kuku mmoja huuzwa mara nne kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha mezani. Mnunuzi wa mti naye mwambieni anaweza kuutoa tena, kwa shule au nyumba ya wazee.

Kuhusu kodi ya Marekani, kwa ufupi: saa zenu za kazi haziwapunguzii kodi, vifaa mlivyonunua vinaweza kuwapunguzia, kwa hiyo tunzeni risiti. Mnunuzi naye hudai punguzo kwa kile tu alicholipa juu ya thamani halisi ya mti. Ndiyo maana waandaaji huwauliza mti una thamani gani. Jibuni kwa risiti, msikadirie kwa mapenzi.

Wasioweza mti wana duka la vitamu. Hapo pana mikate ya mdalasini na faji, ile tofi laini ya chokoleti, na faji ina tabia yake kwenye mwinuko. Kipimo cha kawaida: sukari gramu 600, siagi gramu 170, maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari mililita 160, vichemke huku ukikoroga, halafu nje ya moto chokoleti gramu 340 na krimu ya mashimelo, ile peremende laini ya povu la sukari, gramu 200. Mapishi mengi yanasema ipua kwenye nyuzi 112. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Salt Lake City iko karibu mita 1,300 juu, na maji pale huchemka kwenye 95 na ushei. Aliyepika maharage Nairobi au Bukavu anajua mwinuko unafanya nini kwenye sufuria. Ukisubiri 112, maji mengi mno yameshatoka na faji inakuwa mchanga unaovunjika ukikatwa. Chemsha maji matupu, soma kipimajoto chako, toa tofauti na 100, kisha punguza tofauti hiyo kwenye 112. Karibu 108 ndiyo yake. Ikiisha kumwagwa kwenye trei isikorogwe tena hata kidogo, la sivyo sukari hurudi kuwa chembe.

Kabla ya kupika, waulizeni waandaaji jiko gani linakubalika, maana chakula cha kuuza kina sheria zake, na kila pakiti iandikwe kilichomo: maziwa, ngano, mayai, karanga. Biskuti ya tangawizi ya kujengea nyumba za maonyesho iokwe hadi iwe ngumu kabisa na ikae usiku mzima kabla ya kujengwa; ikiwa na unyevu, paa huanza kubonyea siku ya pili.

Siku ya kupeleka, fungeni mti kwa plastiki ya kupakia, ile inayovutika, kutoka chini kwenda juu ili matawi yanyanyuke na kukumbatia shina. Ukianza juu unayavunja. Watu watatu: wawili kwenye ubao, mmoja akishika shina ndani ya matawi, hakuna anayeshika matawi. Ndani ya lori mti usimame, ubao ukabwe kwa mkanda, na dereva aambiwe kuwa amebeba mayai. Mkifika, ngojeni nusu saa kabla ya kufungua, plastiki na gundi vipate joto. Chukueni sanduku la matengenezo: waya, koleo, gundi, vibano vya plastiki, mapambo 15 ya akiba, mkanda mmoja wa taa.

Na kwenye shina, upande wa nyuma, usawa wa kiuno, funga kifuko kidogo cha kitambaa. Ndani yake weka balbu tano, fyuzi mbili, mita mbili za waya, na karatasi inayomwambia mnunuzi plagi iko wapi, skrubu za viungo ziko wapi, na kwamba asiivute nyota, imefungwa kwenye fito.